Usajili, uanachama au kampeni ya michango: wasomaji walipie vipi habari za uchunguzi?

Mwaka 2016 jarida la Mother Jones la Marekani lilichapisha uchunguzi wa mwandishi wake aliyefanya kazi miezi minne kama askari kwenye gereza linaloendeshwa na kampuni binafsi. Wahariri walipopiga hesabu, kazi ile ilikuwa imekula kama dola 350,000. Matangazo yaliyowekwa kwenye ukurasa wake yaliingiza kama dola 5,000. Mwezi Agosti mwaka huo huo wizara ya sheria ya Marekani ilitangaza kwamba serikali kuu itaanza kuachana na magereza ya aina hiyo. Kama uandishi, kazi ilifanikiwa kuliko wengi wetu tunavyothubutu kuota. Kama biashara ya matangazo, ilikuwa hasara tupu.

Kila anayetaka kuendesha chombo huru cha habari za uchunguzi anaanzia hapo. Matangazo hayabebi kazi ya miezi minne. Serikali haiwezi kuwa mlipaji, kwa sababu mafaili yake ndiyo unayoyafukua. Tajiri mmoja mwenye moyo mzuri anaweza kukulea miaka miwili, halafu siku moja akamkuta rafiki yake kwenye habari yako. Anabaki msomaji. Ila ukisema tu "wasomaji watatulipia" bado hujachagua kitu, maana wasomaji wanaweza kulipa kwa namna tatu, na kila namna inazaa chombo cha aina yake.

Ya kwanza ni usajili: asiyelipa hasomi. Ya pili ni uanachama wa wazi: kila mtu anasoma, na wanaoweza wanalipa kila mwezi au kila mwaka ili kazi iendelee. Ya tatu ni kampeni ya michango: unatangaza lengo na kiasi, watu wanachanga, kampeni inafungwa. Upo pia ushirika, ambapo wasomaji wananunua hisa, nitaufikia baadaye. Upande wangu nauweka wazi mapema: kwa chombo cha uchunguzi kinachoanza, ningechagua uanachama wa wazi karibu kila mara. Zipo hali ambazo jibu hilo halifai, nazo nitazitaja, kwa sababu chombo kikifungwa katikati ya kazi wanaoumia ni pamoja na wale waliohatarisha ajira zao kuleta nyaraka.

Miezi ya kimya

Wengi hulinganisha njia hizi kwa kuuliza ipi inaleta pesa nyingi. Mimi huanza na swali jingine: ipi inaleta pesa mwezi ambao hujachapisha kitu?

Chukua uchunguzi wa kawaida wa zabuni. Mwezi wa kwanza umeletewa mkataba ambao kurasa zake nyingine hazipo. Mwezi wa pili unashinda kwenye kumbukumbu za usajili wa makampuni, unafuatilia majina ya wakurugenzi, unakuta kampuni tatu "zilizoshindana" zina anwani moja. Mwezi wa tatu unamtafuta aliyesaini, naye hapokei simu. Mwezi wa nne wakili anasoma sentensi moja moja, na kila anayetajwa anatumiwa maswali na kupewa muda wa kujibu. Anayekutazama kwa nje anaona chombo kimelala. Mishahara hailali.

Anayelipia usajili amenunua kusoma. Akifungua mara tatu mfululizo asikute jipya, atajiuliza analipia nini, na swali lake ni la haki. Ndiyo maana vyombo vya usajili vinavyodumu huwa na meza mbili, moja ya uchunguzi na nyingine ya kuchapisha kila siku. Mediapart, tovuti ya habari ya Ufaransa, ilipozinduliwa Machi 2008, kwa euro 9 kwa mwezi na bila tangazo hata moja, haikuanza na waandishi wawili na kompyuta. Ilianza na chumba cha habari kamili cha watu wazoefu, wakiongozwa na Edwy Plenel aliyewahi kuongoza chumba cha habari cha gazeti la Le Monde. Hata kwa nguvu hiyo, ilichukua kama miaka mitatu kujitegemea. Kama huna watu wa kujaza meza ya pili, usajili utawameza waandishi wako wa uchunguzi: watavutwa kuandika habari za siku ili waliojisajili wasiondoke, na ule mkataba wenye kurasa pungufu utabaki kwenye droo.

Kabla hujaupenda usajili, fanya hesabu hii. Una wasomaji 2,000 waliojisajili, na kila mwezi asilimia 4 wanaacha. Mwezi wa kwanza ni watu 80 tu, hata huoni pengo. Usipopata wapya, mwisho wa mwaka umebaki na 1,225 hivi. Hao karibu 800 lazima warudishwe na kitu kipya cha kusoma, tena mara kwa mara. Hesabu hiyo hiyo inauhusu uanachama, ila kinachomfanya mtu akae ni kingine.

Mwanachama amelipa ili kazi ifanyike. Ukimheshimu, unaweza kumwambia ukweli kuhusu mwezi wa kimya, naye akauchukua kama sehemu ya alichokilipia. Barua ya mwezi kama huo inaweza kusema: "Mwezi huu hatujachapisha. Tumesoma kurasa 1,400 za nyaraka za mahakama. Tumewaomba watu tisa mahojiano, sita wamekataa. Mada hatuwezi kuitaja bado, kwa usalama wa waliotusaidia. Nusu ya pesa za mwezi imekwenda kwa wakili." Barua fupi ya namna hiyo, iliyosainiwa na mhariri kwa jina lake, inamweka mwanachama ndani ya kazi. Mpelekee aliyelipia usajili barua ile ile, ataona umeandika kisingizio. Kwangu mimi hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na ndiyo inayonipeleka kwenye uanachama.

Kampeni ya michango haiwezi miezi ya kimya kabisa. Inaweza kukuzaa lakini haiwezi kukulea. De Correspondent ya Uholanzi ilikusanya zaidi ya euro milioni moja mwaka 2013 kabla haijachapisha hata habari moja, kisha ikaishi kwa sababu iliwageuza wachangiaji kuwa wanachama wanaolipa kila mwaka. Ndugu yake wa Kiingereza, The Correspondent, alikusanya zaidi ya dola milioni 2.6 mwishoni mwa 2018, akaanza kuchapisha Septemba 2019, na kufikia Januari 1, 2021 alikuwa amefungwa. Njiani kulitokea jeraha lingine: wachangiaji wengi wa Marekani walidhani wanajenga chumba cha habari New York, kumbe makao yakabaki Amsterdam. Kila sentensi ya kampeni, hata ile iliyodokezwa tu kwenye video, huhesabiwa na mchangiaji kuwa ahadi.

Kampeni ya habari moja ina tatizo zito zaidi ambalo halisemwi vya kutosha. Ukitangaza kwamba unachangisha ili kuchunguza idara fulani, umewapigia simu wenye idara waanze kuchana karatasi. Na ukishakusanya pesa za watu kwa ajili ya kumfichua mkosaji, itakuwaje ukikuta hakuna kosa? Mwandishi mwenye pesa za watu 3,000 waliosubiri kashfa ana mzigo mabegani ambao hakuna mhariri anapaswa kumtwisha. Uchunguzi lazima uwe na ruhusa ya kuishia na "tumechimba, hatukukuta kitu." Kwa hiyo kama ni lazima ufanye kampeni, changisha kwa ajili ya mtu au kifaa: mshahara wa mwandishi wa mahakamani kwa mwaka mmoja, au gharama za kuomba na kuchambua nyaraka. Usichangishe kwa ajili ya jibu.

Nani ataisoma

Hoja dhidi ya usajili inayotajwa zaidi ni kwamba habari inawafikia wenye pesa na kuwaacha walioibiwa. Ni hoja ya kweli, ila ina upande wa pili.

Desemba 4, 2012 Mediapart iliandika kwamba waziri wa bajeti wa Ufaransa, Jérôme Cahuzac, alikuwa na akaunti ya siri Uswisi. Huyu ndiye waziri aliyekuwa akisimamia vita dhidi ya wakwepa kodi. Alikana mbele ya bunge. Vyombo vingine vingi vilitilia shaka, na kwa miezi kadhaa wale wachache wa Mediapart walibaki karibu peke yao. Machi 19, 2013 alijiuzulu, na Aprili 2 akakiri. Habari ilikuwa nyuma ya malipo, lakini nchi nzima iliijua, kwa sababu redio, televisheni na magazeti yaliinukuu, hata kama ni kwa kuibishia. Kufuli halikuizuia kumwangusha waziri.

Sasa iweke pembeni ya elDiario.es ya Hispania, iliyoanza 2012 chini ya Ignacio Escolar. Pale habari ziko wazi. Mwanachama anapata vitu vidogo, kama kuona habari za kesho saa chache mapema na kusoma bila matangazo. Machi 21, 2018 walichapisha kwamba shahada ya uzamili ya Cristina Cifuentes, rais wa jimbo la Madrid, ilipatikana kwa alama zilizobadilishwa. Kila mtu aliweza kufungua na kusoma mwenyewe. Aprili 25 alijiuzulu. Cifuentes aliwafungulia waandishi mashtaka, hayakufika popote.

Viongozi wawili, njia mbili, wote wakaondoka. Kwa hiyo swali la wazi au kufungwa haliamuliwi na uwezo wa habari wenyewe. Linaamuliwa na hali ya vyombo vilivyokuzunguka. Mahali ambapo magazeti na redio nyingine zina ujasiri wa kukunukuu, habari yako itavuka kufuli kupitia midomo yao. Mahali ambapo wanaogopa kulitaja hata jina la chombo chako, habari iliyofungiwa itafia humo humo, na aliyeandikwa atafurahi kwamba wameisoma watu elfu mbili. Jiulize kwa ukweli: siku ile ya kwanza, nani mwingine atasoma kichwa cha habari yetu hewani? Kama huna jina hata moja la kutaja, acha mlango wazi.

Kuna jambo jingine dogo linalosahaulika. Watoa taarifa wengi huja baada ya kusoma. Mhasibu aliyeona malipo ya ajabu anakutana na habari yako kuhusu kampuni jirani, anatambua mbinu ile ile, anakuandikia. Huyo hakuwa msomaji wako wa kulipa na pengine asingekuwa. Kufuli linamfungia nje kabla hajajua anachokijua kina thamani.

Msomaji naye anaweza kukubana

Tunapenda kusema chombo kinacholipiwa na wasomaji kiko huru. Kiko huru dhidi ya mtangazaji na dhidi ya waziri, ni kweli. Lakini wanaolipa wengi wana mrengo mmoja, na siku utakapomchunguza mtu wanayempenda, watakuonyesha. Hili linaikumba kila njia. Kwenye usajili maumivu huonekana asubuhi ile ile kwenye orodha ya waliojitoa. Kwenye uanachama huja polepole, na barua kali. Kwenye kampeni hayaonekani kabisa mpaka kampeni ijayo inapokosa watu.

Dawa ni ile ile kote: sema mapema. Siku ya kuandikisha mwanachama wa kwanza, andika kwenye ukurasa wa kujiunga kwamba mtawachunguza hata wale anaowapigia kura. Atakayeondoka kwa sentensi hiyo angeondoka tu. Weka pia kikomo cha kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kutoa bila jina lake kutangazwa. Mtandao wa vyombo vya habari visivyo vya faida wa Marekani, INN, huwataka wanachama wake watangaze kila aliyewapa dola 5,000 au zaidi kwa mwaka. Kiwango chako kitategemea ukubwa wako, na kadiri ulivyo mdogo kinapaswa kuwa chini, kwa kuwa mchango mmoja unaoweza kulipa mshahara wa mtu tayari una sauti.

Siku ya kesi

Hapa kampeni ya michango inazipiku njia nyingine zote.

Malaysiakini ya Malaysia ilianza 1999 na imekuwa ikitoza usajili tangu 2002. Februari 2021 mahakama ya juu ya nchi iliipiga faini ya ringgit 500,000, kwa kosa la kudharau mahakama, kwa sababu ya maoni yaliyoandikwa na wasomaji wake. Chombo kikaomba msaada, na pesa yote ikapatikana siku ile ile, ndani ya saa chache. Angalia kilichofanya iwezekane: kiasi kilijulikana, tarehe ilijulikana, sababu ilieleweka kwa sentensi moja, na chombo kilikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kujenga imani. Kampeni inafanya kazi pale tu mambo hayo manne yanapokutana. Wanaopiga kampeni kila robo mwaka kwa ajili ya "kuendelea na kazi" wanachoma kuni za siku ya baridi kali.

Faini hata hivyo ndiyo nafuu. Kesi za kuchafuliana majina zinaua kwa gharama ya utetezi hata unaposhinda. Mother Jones walishtakiwa na bilionea Frank VanderSloot kwa habari ya 2012, wakashinda 2015, na vita hiyo ilikuwa imegharimu angalau dola milioni 2.5 kati yao na bima yao. Matajiri wanaofungua kesi za kunyamazisha wanalijua hili vizuri. Hawahitaji hukumu, wanahitaji muda wako na bili za mawakili. Ada za wanachama hazitalipa bili kama hiyo, na za usajili pia hazitalipa. Unahitaji bima ya vyombo vya habari kama inapatikana ulipo, wakili anayesoma kabla ya kuchapisha, na akiba isiyoguswa. Mimi ningetenga sehemu ya kila ada ya mwanachama tangu mwezi wa kwanza, hata kama ni ndogo kiasi cha kuaibisha, na kuitaja kwa jina lake kwenye hesabu: mfuko wa kesi. Mwanachama akiuona mstari huo anaelewa anapigania nini.

Pesa zinapita wapi

Hili ni fupi lakini limeua vyombo. Meduza, chombo cha Kirusi kinachofanya kazi kutoka Latvia, kilitangazwa "wakala wa kigeni" Aprili 2021 na watangazaji wakakimbia. Wasomaji wakakiokoa kwa michango midogo ya kila mwezi. Machi 2022, baada ya uvamizi wa Ukraine, Visa na Mastercard zikasitisha kazi Urusi, na njia ya pesa kutoka kwa maelfu ya wasomaji wale ikakatika. Kikageukia wasomaji wa nje. Januari 2023 kikatangazwa shirika lisilotakiwa, na kukichangia kukawa kosa la jinai ndani ya Urusi.

Usajili na uanachama vyote vinategemea mtu wa kati anayekata pesa kila mwezi. Usiwe na mmoja tu. Kuwe na kadi, uhamisho wa benki, na malipo ya simu pale yalipo. Na fuatilia kadi zilizoisha muda: wengi wanaoonekana "wameondoka" hawakuamua kuondoka, kadi yao tu imebadilishwa. Ujumbe mfupi wenye kiungo cha kuweka kadi mpya, uliotumwa wiki moja kabla, unaweza kurudisha watu wengi. Kwenye kampeni ya michango tatizo hili halipo, ila huko ukuta ni mwingine: jukwaa la kuchangisha linaweza kushikilia pesa au kufunga ukurasa wako siku unapoihitaji.

Ushirika, ruzuku, na mfano unaodanganya

Ushirika ni uanachama wenye meno. Gazeti la taz la Ujerumani ni ushirika tangu 1992 na ina wanachama zaidi ya 20,000 wenye hisa. The Bristol Cable ya Uingereza, iliyoanza 2014, huwaita wanachama wake kupiga kura kwenye mkutano mkuu, kila mtu kura moja. Faida yake kubwa ni kwamba chombo hakiuziki. Gharama yake ni vikao, na usimamizi unaokula saa za watu wanaopaswa kuwa wanaandika. Kama lengo lako ni kuzuia kununuliwa tu, kuna njia nyingine: waanzilishi wa Mediapart mwaka 2019 walihamishia umiliki kwenye mfuko usio wa faida ili asije mtu akakinunua. Kwa timu ya watu watano ningeandika katiba fupi yenye kipengele hicho na kuuacha ushirika kwa baadaye.

Ruzuku haziepukiki mwanzoni, tuseme ukweli. ProPublica yenyewe, chombo cha uchunguzi cha Marekani, ilianza kwa pesa za familia tajiri ya Sandler, na vyombo vingi vinavyoitwa vya wasomaji viligharamiwa miaka miwili ya kwanza na taasisi fulani. Hatari yake ilionekana Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje na vyumba vya habari katika nchi nyingi vikaamka bila bajeti. Chukua ruzuku kujenga idara ya wanachama. Usiitumie kulipa mishahara ya uchunguzi ambayo baadaye hakuna atakayeirithi.

Mfano unaodanganya ni The Guardian, gazeti la Uingereza. Iko wazi, inaomba michango chini ya kila habari, na imepita waungaji mkono milioni moja. Watu wanaunakili ujumbe ule neno kwa neno. Wanasahau kwamba nyuma yake upo mfuko wa Scott Trust ulioanzishwa 1936, wenye uwezo wa kubeba miaka mibaya, na wasomaji wa lugha inayosomwa duniani kote. Kama unatafuta mfano wa kuiga, itazame elDiario.es: matangazo ya Hispania yalipoanguka mwaka 2020 kwa sababu ya korona, waliwaomba wanachama wapandishe ada kutoka euro 60 hadi 80 kwa mwaka, wakieleza hesabu zao wazi, na watu wakajiunga kwa maelfu. Walikuwa wamezoea kuchapisha mapato na matumizi yao kila mwaka. Ombi halikumshtua mtu.

Ningechagua vipi

Kama mna chumba cha habari kinachoweza kuchapisha kitu cha maana kila siku, wasomaji wenu ni watu wanaohitaji habari hizo kwa kazi zao, na vyombo vingine vinawanukuu bila woga, chukueni usajili na msione aibu. Pesa yake ni ya uhakika zaidi kwa kila kichwa, na inawapa nguvu ya kukataa tangazo lolote. Habari zinazogusa usalama wa watu moja kwa moja ziacheni wazi hata hivyo.

Kama ni waandishi watatu hadi kumi, mnachapisha uchunguzi mmoja au miwili kwa miezi mitatu, na walioibiwa ndio mnaotaka wasome, uanachama wa wazi. Anzeni na barua pepe kabla ya kuomba pesa. Watu elfu chache wanaoifungua barua yenu kila wiki wana thamani kuliko laki moja waliopita mara moja kutoka mitandao ya kijamii, kwa sababu wanachama wengi hutoka kwenye orodha hiyo. Msiombe siku ya uzinduzi. Ombeni wiki ambayo uchunguzi wenu wa kwanza umemfanya mtu ajibu.

Kama mko nchi ambayo kutoa pesa kwenu kunaweza kumletea msomaji matatizo, usajili na uanachama vyote ni hatari, kwa kuwa vyote vinaacha orodha ya majina. Hapo tegemeeni waliohamia nje na michango isiyohifadhi majina, na orodha ya walio ndani isikae kwenye kompyuta inayoweza kubebwa na polisi.

Na kama mko watu wawili wenye habari moja kubwa mkononi, kampeni ni sawa, kwa masharti: gharama ziorodheshwe, mada isitajwe, na mchangiaji aulizwe hapo hapo kama yuko tayari kulipa kidogo kila mwezi baada ya hapo. Wanaokubali ndio chombo chenu. Idadi yao ukiizidisha kwa ada, isipofika mshahara wa mtu mmoja, fanyeni ile habari moja kwa kushirikiana na chombo kilichopo, mlipwe, na msifungue kipya.

Kwa watakaochagua uanachama, viwango viwe vichache: ada ya kawaida, ya juu kwa anayeweza, na nafasi ya bure kwa atakayeandika kwamba hana, bila kuulizwa sababu. Kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Hesabu za mwaka zitoke mwezi ule ule kila mwaka, mfuko wa kesi ukiwa na mstari wake, mwaka mzuri na mwaka mbaya.